Waziri mkuu aliyefungwa California, tajiri aliyeachiwa Chambéry

Swali la msomaji: "Habari mtaalamu. Nimekuwa nikifuatilia habari za wanasiasa matajiri wa Ukraine wanaokimbilia nje. Pavlo Lazarenko alikuwa waziri mkuu, akakimbilia Marekani na kufungwa huko huko. Kostyantyn Zhevago alikuwa mbunge na tajiri wa madini ya chuma, akakamatwa Ufaransa, halafu akaachiwa. Wote wawili walitakiwa na nchi yao. Kwa nini mmoja afungwe na mwingine aachiwe? Marekani inapata wapi mamlaka ya kumfunga mtu kwa wizi uliofanyika Ukraine? Na pesa zenyewe huishia wapi?"

Jibu:

Kuna jambo moja la kuweka sawa kwanza. Lazarenko hakufungwa Marekani kwa kuiba Ukraine. Alifungwa kwa kutakatisha fedha, na baadhi ya fedha hizo zilipita katika benki za San Francisco. Zhevago naye hajashinda kesi ya wizi, kwa kuwa kesi hiyo haikusikilizwa Ufaransa hata siku moja. Alichoshinda ni ubishi mwingine kabisa: Ufaransa imkabidhi kwa Kyiv au isimkabidhi? Ukisoma habari hizi, jizoeze kutenganisha jalada la mtu na jalada la pesa zake. Hufunguliwa katika nchi tofauti, kwa sheria tofauti, na lile la pesa huweza kuendelea miaka mingi baada ya mwenyewe kumaliza kifungo.

Lazarenko alizaliwa 1953 katika kijiji cha Karpivka, mkoa wa Dnipropetrovsk, akasomea kilimo na kupanda vyeo kupitia mashamba ya ushirika ya enzi za Kisovieti. Mwaka 1992 rais alimteua kuwa mwakilishi wake mkoani, cheo ambacho sisi tungekiita mkuu wa mkoa. Septemba 1995 akawa naibu wa kwanza wa waziri mkuu, Mei 1996 waziri mkuu, na Julai 1997 akaondolewa. Katikati ya hapo, Julai 1996, bomu lililipuka njiani msafara wake ukielekea uwanja wa ndege wa Kyiv, akanusurika. Hiyo ndiyo Ukraine ya miaka ile: viwanda vya serikali vinabinafsishwa, gesi inaingia kutoka Urusi na Turkmenistan, na saini ya kiongozi mmoja ndiyo inayoamua nani auze gesi kwenye mkoa gani.

Shahidi mkuu dhidi yake alikuwa Petro Kyrychenko, mfanyabiashara aliyekuja kuwa mshirika wake. Aliiambia mahakama kwamba Lazarenko, angali kiongozi wa mkoa, alimweleza kuwa yeye hufanya kazi na watu wote nusu kwa nusu. Nusu ya kampuni, nusu ya faida. Kyrychenko akatoa. Shikilia maneno hayo, "nusu kwa nusu", maana ndiyo yaliyokuja kubeba kesi nzima.

Fedha zilipita benki moja ya Poland, zikaingia Uswisi kwenye akaunti zisizo na jina la mtu. Mojawapo iliitwa CARPO-53. Kijiji ni Karpivka, mwaka ni 1953. Mpelelezi hakuhitaji miwani. Watu wenye akili nyingi za biashara huacha alama za kitoto namna hii kwa sababu rahisi tu: mwenye akaunti kumi na mbili lazima azikumbuke bila kuziandika popote.

Mwaka 1997 yeye na Kyrychenko walikwenda mbali zaidi, wakanunua asilimia 67 ya benki iliyosajiliwa katika kisiwa cha Antigua huko Karibi, European Federal Credit Bank, maarufu kwa jina la Eurofed. Mteja wa kawaida akipeleka mamilioni benki huulizwa yametoka wapi. Ukiwa na benki yako, anayetakiwa kuuliza ni mwajiriwa wako. Zaidi ya hapo, benki hiyo ndogo hufungua akaunti kwa jina lake kwenye benki kubwa za Marekani, na benki kubwa huona jina la Eurofed tu, haioni nani amesimama nyuma yake. Kwa macho ya nje ni benki inayotumia huduma za benki mwenzake.

Lakini ujanja huo una tundu, na tundu hilo linajibu swali lako la pili. Kisiwa hakitoi dola za Marekani. Malipo makubwa ya dola hizo kati ya benki za nchi mbalimbali kwa kawaida hukamilishwa kwenye akaunti zilizoko Marekani. Pesa inaweza kutoka Kyiv kwenda Zurich na kutoka Zurich kwenda Antigua, lakini njiani imegusa New York au San Francisco. Pale inapogusa ndipo mwendesha mashtaka wa Marekani anapopata mlango. Hana haja ya kudai mamlaka juu ya Ukraine. Anahitaji kuonyesha kwamba muamala huu, wa tarehe hii, wa kiasi hiki, ulipita ndani ya nchi yake, na kwamba aliyeupitisha alijua fedha zimetokana na uhalifu.

Uhalifu gani? Hapa wengi hupotea. Sheria ya Marekani ya utakatishaji haitosheki na neno "pesa chafu". Ina orodha ya makosa, na chanzo cha fedha lazima kiwemo kwenye orodha hiyo. Hongo ya kiongozi wa nchi ya nje iliingizwa Oktoba 2001, baada ya mashambulizi ya Septemba, na sheria ya jinai hairudi nyuma. Miamala ya Lazarenko ilikuwa ya miaka ya tisini. Kwa hiyo waendesha mashtaka wa San Francisco hawakuweza kusema tu kwamba alikula rushwa. Ilibidi watafute kosa lililokuwa tayari kwenye orodha wakati ule, na lililowafaa zaidi lilikuwa kumtoza mtu mali kwa shinikizo la cheo, jambo ambalo lilikuwa kosa pia kwa sheria ya Ukraine. Sasa unaona uzito wa "nusu kwa nusu". Kama Kyrychenko alitoa nusu kwa hiari kama mwekezaji, hakuna kosa na hakuna utakatishaji. Kama alitoa kwa sababu anayeomba ndiye anayeshika mkoa, kila senti iliyofuata ina doa. Kyrychenko mwenyewe alikuwa amekiri kosa na kukubali kushirikiana na serikali, kwa hiyo jopo la raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia lilikuwa na kila sababu ya kujiuliza: huyu ni mhanga au ni mwenzake?

Turudi kwenye safari yenyewe, maana ina mafunzo kwa anayetaka kuelewa jinsi watoro hunaswa.

Desemba 1998 Lazarenko alikamatwa mpakani Basel akiingia Uswisi kutokea Ufaransa, akiwa na pasipoti ya Panama. Pasipoti ya pili humwondolea mtu usumbufu wa viza. Haimfutii jina kwenye jalada ambalo Uswisi yenyewe imeshalifungua kuhusu akaunti zilizoko kwenye benki zake. Alitoka kwa dhamana ya faranga milioni 4 za Uswisi, akarudi Kyiv, ambako alikuwa na kinga nzuri kuliko pasipoti yoyote: ubunge. Machi 1998 chama chake, Hromada, kilikuwa kimeingia bungeni, na kwa sheria ya wakati ule mbunge hakushtakiwa wala kukamatwa mpaka Bunge lenyewe, Verkhovna Rada, limvue kinga.

Kinga ya namna hiyo ina kasoro moja kubwa upande wa serikali: inampa mtuhumiwa kalenda. Ombi la kumvua linaandikwa, linajadiliwa kwenye kamati, linapangiwa siku ya kupigiwa kura. Mwenye macho anaijua siku yake mapema. Rada ilimvua Lazarenko kinga tarehe 17 Februari 1999; yeye alikuwa ameshatoka nchini, na siku chache baadaye alitua New York. Ukraine ilikuja kufuta kinga hiyo kuanzia Januari 2020, baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kuona mchezo ule ule ukirudiwa.

Alidhani anafika salama. Alikuwa na nyumba Novato, kaskazini ya San Francisco, iliyonunuliwa mwaka uliotangulia kwa takriban dola milioni 6.75, na familia ilikuwa huko. Pia hakuna mkataba wa kubadilishana wahalifu kati ya Marekani na Ukraine. Uwanja wa ndege alizuiwa kwa matatizo ya viza, akaomba hifadhi ya kisiasa, akawekwa kizuizini. Ukosefu wa mkataba ulimkinga dhidi ya Kyiv kweli. Lakini ulimwacha mikononi mwa watu ambao hawakuhitaji kumpeleka popote, kwa kuwa walikuwa na nyumba, akaunti na miamala katika wilaya yao wenyewe. Kwa maoni yangu lile lilikuwa kosa kubwa kuliko yote aliyoyafanya: alikimbilia mahali pesa zake zilipotangulia. Mtoro mwenye hesabu nzuri hukaa mbali na benki yake.

Uswisi haikumsubiri. Juni 2000 mahakama ya Geneva ilimtia hatiani bila yeye kuwepo, kwa utakatishaji, kifungo cha miezi 18 kilichosimamishwa, na fedha kadhaa zikataifishwa. Mwezi mmoja kabla, Mei 2000, hati ya mashtaka ilikuwa imefunguliwa California.

Ukitaka kujua jinsi kesi kubwa inavyonywea, fuata namba hizi. Alikaa gerezani kusubiri mpaka 2003, alipohamishiwa kifungo cha nyumbani kwa dhamana ya dola milioni 86, akiwa chini ya ulinzi ndani ya nyumba mjini San Francisco. Kesi ilianza Machi 2004 mbele ya jaji Martin Jenkins ikiwa na mashtaka 53. Upande wa serikali ulipofunga ushahidi wake, jaji alifuta 24, mengi yakihusu biashara ya gesi. Yakabaki 29, na Juni 2004 jopo likamkuta na hatia kwa yote 29. Baadaye jaji akafuta 15 mengine, yakabaki 14. Agosti 2006 alihukumiwa miaka 9 na faini ya dola milioni 10, pamoja na kutaifishiwa zaidi ya dola milioni 22. Alikata rufaa, na Aprili 2009 mahakama ya rufaa ikabakiza 8, yote ya utakatishaji na njama ya kutakatisha. Novemba mwaka huo adhabu ikapunguzwa kuwa miezi 97. Tarehe 1 Novemba 2012 alimaliza kifungo katika gereza la Terminal Island, karibu na Los Angeles.

Kutoka 53 hadi 8. Mtu wa pembeni atasema waendesha mashtaka walivurunda. Sivyo kabisa. Yaliyoanguka yalianguka zaidi kwa sababu ya mnyororo. Ili shtaka la udanganyifu kwa njia ya mawasiliano lisimame, uhamisho wa fedha unaoshtakiwa lazima uwe sehemu ya udanganyifu wenyewe. Ikiwa wizi ulikamilika Ukraine, fedha zikakaa Uswisi kwa miezi, halafu ndipo zikahamishiwa California, wakili atasema udanganyifu ulikuwa umekwisha zamani. Huu ni uhamisho wa kawaida wa mtu na akaunti zake. Mahakama ya rufaa ilikubali hoja ya namna hiyo. Tatizo lingine ni uchanganyaji: fedha haramu na za halali zikilala akaunti moja miaka miwili, nani atasema dola hii ndiyo ile? Shtaka la utakatishaji lilivumilia haya kwa sababu lenyewe limeundwa kwa ajili ya fedha zinazohama.

Sasa pesa. Mei 2004, kesi ya jinai ikiwa bado inaendelea, serikali ya Marekani ilifungua kesi nyingine mjini Washington ambayo mshtakiwa si mtu. Jina lake linaanza na maneno haya: Marekani dhidi ya mali zote zilizohifadhiwa Bank Julius Baer, tawi la Guernsey. Akaunti imeshtakiwa! Kwa masikio ya kwetu linachekesha, lakini ni utaratibu wa zamani sana, uliotokana na kesi za meli na shehena za magendo: mwenye shehena haonekani, basi shehena ishtakiwe. Katika kesi hiyo serikali ililenga zaidi ya dola milioni 250 zilizotawanyika Guernsey, Antigua, Uswisi, Liechtenstein na Lithuania.

Faida yake ni kwamba kiwango cha uthibitisho ni kidogo kuliko cha jinai. Haihitaji kuondoa shaka zote; inatosha uzito wa ushahidi uelemee upande mmoja. Hasara yake ni muda. Kila mwenye dai hujitokeza: ndugu, kampuni za kivuli, wasimamizi wa benki iliyofilisika, wadai wa wasimamizi hao, serikali ya kisiwa, na Ukraine yenyewe. Kila mmoja ana wakili, na wakili wa kesi za mali hana haraka. Miaka kumi baada ya kufunguliwa, kesi ilikuwa bado inavutana, wakati mwenye akaunti alikuwa ameshatoka gerezani. Na fedha zilizozuiwa hazipokewi na mtu yeyote. Zinakaa pale pale benki, ila haziguswi.

Jambo hili si geni kwa Wakenya. Mwaka 2016 kampuni ya Windward Trading ilikiri makosa ya kutakatisha pesa za rushwa kutoka Kenya mbele ya mahakama ya kisiwa cha Jersey, na zaidi ya pauni milioni 3.6 zikataifishwa, huku Nairobi ubishi ukiwa mkali kuhusu ofisi ipi ya serikali yenye mamlaka ya kupeleka mahakamani maombi ya kuwakabidhi watuhumiwa kwa Jersey. Jalada la pesa lilifika, jalada la watu likakwama. Na kwa jirani zetu wa Kongo, jina la Lazarenko linapatikana kwenye karatasi moja na la Mobutu: mwaka 2004 shirika la Transparency International lilitoa orodha ya viongozi kumi waliodaiwa kukomba zaidi hazina za nchi zao. Mobutu alikadiriwa dola bilioni 5. Lazarenko aliwekwa nafasi ya nane, kati ya milioni 114 na 200.

Zhevago ni kisa kingine, na hapa nikukumbushe kwamba tuhuma dhidi yake hazijathibitishwa na amezikanusha. Alizaliwa 1974, akaingia Rada 1998, mwaka ule ule na Lazarenko, akakaa humo hadi 2019. Utajiri wake mkubwa ni Ferrexpo, kampuni ya madini ya chuma inayochimba Horishni Plavni, mkoa wa Poltava, na iliyoingia soko la hisa la London 2007. Alikuwa pia mmiliki wa benki ya Finance and Credit, iliyotangazwa mufilisi Septemba 2015. Wapelelezi wa Ukraine wanadai kwamba dola milioni 113 ziliondolewa kwenye benki hiyo.

Benki kadhaa za Ukraine zilizoanguka miaka ile zilikaushwa kwa njia moja, na inafaa kuijua. Benki ya Kyiv inaweka, tuseme, dola milioni 20 kwenye benki ndogo ya Ulaya. Kwenye vitabu, fedha hizo ni mali ya benki ya Kyiv, ziko salama nje. Wakati huo huo benki ile ya Ulaya inaikopesha kampuni ya kivuli ya Cyprus dola milioni 20, na dhamana ya mkopo ni zile zile fedha za benki ya Kyiv. Kampuni hailipi. Benki ya Ulaya inachukua dhamana yake kwa haki kabisa. Mkaguzi wa Kyiv anapokuja, anakuta mahali penye milioni 20 pana karatasi. Hakuna aliyebeba sanduku la noti, na kila hatua ina mkataba uliotiwa saini.

Tazama tarehe. Bunge jipya lilianza kazi mwishoni mwa Agosti 2019, na Zhevago hakuwemo. Septemba 2019 akatangazwa mtuhumiwa. Tayari alikuwa nje ya nchi. Akaingizwa kwenye orodha ya wanaotafutwa, na tarehe 27 Desemba 2022 polisi wa Ufaransa wakamkamata Courchevel, mji wa kuteleza kwenye theluji wanakokwenda matajiri. Hapo kati ni zaidi ya miaka mitatu, na hakuwa amejificha pangoni.

Watu huuliza: si alikuwa anatafutwa na Interpol? Interpol haina askari wa kumkamata mtu, na notisi nyekundu si hati ya kukamatwa. Ni taarifa kwamba nchi fulani inamtaka mtu fulani. Kila nchi huamua yenyewe uzito wa taarifa hiyo. Katiba ya Interpol, kifungu cha 3, inaikataza kujiingiza kwenye mambo ya kisiasa, kijeshi, kidini au ya rangi, na mawakili wa wanasiasa hukimbilia kifungu hicho kwanza, wakiandikia tume maalumu inayokagua majalada ili notisi ifutwe.

Akishakamatwa ndipo saa inaanza kuhesabu. Kati ya Ukraine na Ufaransa upo Mkataba wa Ulaya wa 1957 wa kukabidhiana watuhumiwa, ambao Ukraine ilijiunga nao 1998. Kifungu cha 16 kinaruhusu mtu ashikiliwe kwa muda kabla makaratasi hayajafika: yasipofika ndani ya siku 18 anaweza kuachiwa, na kwa hali yoyote asishikiliwe hivyo zaidi ya siku 40. Kifungu cha 12 kinataja kinachotakiwa ndani ya bahasha: hati ya kukamatwa, ya asili au nakala iliyothibitishwa, maelezo ya makosa yakionyesha wakati na mahali yalipotendeka, nakala ya sheria zilizovunjwa, na maelezo ya kumtambulisha mtu. Kosa lenyewe liwe kosa kote kuwili, na adhabu yake ya juu isiwe chini ya mwaka mmoja. Nchi inayompokea haiwezi kumfungulia kesi ya zamani ambayo haikuiombea.

Maombi mengi huharibikia hapo, kabla siasa hazijaguswa. Tafsiri mbovu ni balaa: neno la sheria ya jinai ya Ukraine linalomaanisha kujimilikisha mali ya kampuni likitafsiriwa kama deni, jaji wa Ulaya ataona mgogoro wa kibiashara na kukataa. Tarehe zinagongana. Hati imetiwa saini na ofisa ambaye kwa sheria ya nchi yake hakuwa na mamlaka. Au maelezo yanasema "kati ya 2007 na 2014" bila kumweka mtuhumiwa kwenye kitendo kimoja kinachoshikika.

Zhevago aliachiwa Januari 2023 kwa dhamana ya euro milioni 1. Tarehe 30 Machi 2023 mahakama ya rufaa ya Chambéry ikakataa ombi la Ukraine. Kilichobeba uamuzi ni mashaka kama atapata kesi ya haki mbele ya mahakama huru. Mashaka hayo hayakuzuka hewani. Ufaransa ilipojiunga na mkataba ule wa 1957 iliweka sharti lake: haitamkabidhi mtu kwa mahakama isiyompa dhamana za msingi za utaratibu na haki ya kujitetea. Ndani ya Ufaransa mahakama ikisema ndiyo, bado serikali inaweza kukataa. Ikisema hapana na uamuzi ukawa wa mwisho, serikali haiwezi kumkabidhi hata ikitaka.

Na kejeli ya mambo: wiki chache baadaye, Mei 2023, rais wa Mahakama ya Juu ya Ukraine, Vsevolod Kniaziev, alikamatwa mjini Kyiv akituhumiwa kupokea hongo ya dola milioni 2.7. Agosti mwaka huo wapelelezi wakamtaja Zhevago kuwa ndiye aliyekuwa nyuma ya hongo hiyo. Amekana. Lakini fikiria nafasi ya mwanasheria wa Ukraine anayerudi Ufaransa na jalada jipya: ushahidi wake mkubwa wa uhalifu wa mtuhumiwa ni ule ule unaothibitisha hofu ya jaji wa Ufaransa kuhusu mahakama za Kyiv.

Usidhani pia kwamba kukataliwa kukabidhiwa ni uhuru kamili. Uamuzi wa Chambéry unaifunga Ufaransa tu. Akivuka kwenda nchi nyingine anaweza kukamatwa upya na kuanza upya, kwa hiyo ramani ya dunia inapungua mpaka inabaki nchi moja au chache. Dmytro Firtash, tajiri wa gesi ambaye Marekani ilikuwa ikimtaka, alikamatwa Vienna Machi 2014, akatoka kwa dhamana ya euro milioni 125. Mahakama za Austria zikasema hapana, kisha ndiyo, kisha zikarudi kulichunguza ombi upya, na zaidi ya miaka kumi ikapita yeye akiwa hapo hapo Vienna. Gereza kwa maana hiyo lipo, ila lina mikahawa.

Kwa hiyo tofauti ya Lazarenko na Zhevago haikutokana na nani ana wakili bora. Swali lililoulizwa California lilikuwa: je, alivunja sheria yetu, kwa fedha zilizopita kwetu? Chambéry waliuliza: je, tunaiamini mahakama ya mwenzetu? Zhevago angekuwa na akaunti chafu inayothibitika Lyon au Paris, Wafaransa wangeweza kumshtaki wenyewe, na imani yao kwa Kyiv isingehusika.

Kyiv imejaribu njia ya tatu. Februari 2025 Rais Zelensky alitia saini amri ya vikwazo dhidi ya Zhevago, pamoja na rais wa zamani Petro Poroshenko, tajiri Ihor Kolomoisky na wengine. Vikwazo havihitaji hukumu. Mali inazuiwa kwa amri, na mawakili wa haki za binadamu wana mengi ya kusema kuhusu kumwekea vikwazo raia wa nchi yako mwenyewe. Ila amri ya rais inaishia mpakani. Hisa kubwa za Zhevago katika Ferrexpo zimeshikiliwa kupitia kampuni iliyosajiliwa Luxembourg, Fevamotinico. Ferrexpo yenyewe ni kampuni ya Uingereza inayouza hisa London, na ofisi kuu iko Baar, Uswisi. Katika mlolongo wote huo, kitu pekee ambacho ofisa wa Kyiv anaweza kukifikia kwa gari ni shimo la mgodi wa Horishni Plavni.